Maneno Juu ya Kuwasaidia Ndugu Zetu wa Visiwani

(Hotuba iliyosomwa Kiseke mbele ya waumini na walimu, wakati wa Jubilei)



Siku hizi za jubilei tumetoa shukrani kwa ajili ya makanisa yaliyojengwa na shule zilizofunguliwa. Ni vema. Lakini sasa twaomba kitambo kidogo tugeuze macho kuelekea majini. Dagaa tunaowanunua hapo Mwaloni, Kirumba, wengi huvuliwa na watu walalao Ukerewe, Ukara, Irugwa na visiwa vingine. Wao hutulisha siku za shwari. Je, sisi twawafaa nini siku ya msiba?

Watu wa pwani wanakijua kimbunga. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu mingi mno. Pemba ikasalimika, na baadaye ikawa ndiyo kisiwa cha kwanza kwa karafuu. Tena mwaka 2024, tarehe 4 Mei, kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kuwaonya watu, hata vyombo vya kwenda Unguja vikazuiwa bandarini. Hiyo ilikuwa faida kubwa. Lakini mvua za siku zile zilikata barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, na magari yakasimama njiani. Hapo yaonekana maana ya methali ya wazee: Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Hapa ziwani kimbunga cha namna ile hakitufikii, maana huzaliwa juu ya bahari, na karibu na ikweta upepo haupati nguvu ya kuzunguka hivyo. Lakini sisi nasi tuna dhoruba zetu. Usiku nchi kavu hupoa upesi, na maji hubaki na joto lake. Basi upepo hutoka kando zote za ziwa kwenda katikati, hukutana huko, hupanda juu, na kufanya mawingu mazito ya radi. Kwa hiyo mvuvi wa dagaa, afanyaye kazi usiku kwa taa, hupatwa na tufani akiwa mbali na nchi kavu, na watu wake wamelala.

Tena maji huua hata mchana kweupe. Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilitoka Bugorora, katika Ukerewe, kikienda Bwisya, katika Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101; siku ile ya gulio kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Kilipokaribia gati kilipinduka. Watu zaidi ya 220 walikufa, na 41 wakaokolewa. Ni nani waliowafikia kwanza? Ni wavuvi na wanakijiji wenye mitumbwi, ambao hawakungoja kutumwa. Vikosi vya Serikali vilifika vikafanya kazi kubwa, na siku ya tatu fundi mmoja wa mitambo alitolewa hai ndani ya kivuko. Lakini saa ya kwanza ilikuwa ya jirani.

Ndivyo ilivyokuwa Bukoba pia, asubuhi ya Jumapili tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka majini karibu na uwanja. Ndani walikuwamo watu 43. 19 walikufa, 24 wakapona. Wavuvi ndio waliotangulia kufika kwa makasia yao, na kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, akasifiwa nchi nzima kwa ushujaa wake.

Hata hivyo, ndugu zetu, huruma peke yake haitoshi. Wenye umri kati yetu wanakumbuka MV Bukoba, iliyopinduka tarehe 21 Mei 1996 ilipokuwa ikija Mwanza. Mamia walikufa, na wengi wamelala katika makaburi ya Igoma. Watu walikuwa hai bado ndani ya meli ile, wakigonga chuma. Ubavu wake ukatobolewa ili watolewe; hewa iliyokuwa ikiishikilia juu ya maji ikatoka, nayo ikazama. Twasema haya bila kumhukumu mtu. Twasema ili tujue ya kwamba mkono wenye upendo wahitaji kufundishwa kabla ya siku yake.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, kila kigango cha pwani kiwe na daftari la watu wa kujitolea: nani ana mtumbwi, nani ana mashine, nani ajua kuogelea, nani amefundishwa na Msalaba Mwekundu kumhudumia aliyetolewa majini. Kamba na maboya viwekwe mahali panapojulikana, na ufunguo usiwe kwa mtu mmoja tu. Walimu nao wawafundishe watoto kuogelea, na kusikiliza habari za hali ya hewa kabla ya kupanda chombo.

Pili, tusimwachie mvuvi gharama peke yake. Aachapo nyavu zake kwenda kuokoa, hupoteza riziki ya usiku ule, na petroli huiteketeza kutoka mfukoni mwake. Sisi tusiojua kupiga kasia twaweza kulipa petroli hiyo. Huo nao ni uokoaji.

Tatu, tuulize kabla ya kutoa. Mtu aliyeezuliwa paa hakuombi koti lililochakaa. Ahitaji bati, misumari, sufuria, chandarua na dawa ya kutakasa maji, kwa kuwa baada ya gharika visima huchafuka na kipindupindu hufuata nyuma. Wala tusisahau mwezi wa pili na wa tatu. Wageni wakiisha kwenda zao, ndipo mjane ahesabupo ada za watoto na kuona mtumbwi haupo.

Twasoma katika Matendo ya Mitume jinsi Paulo na wenzake walivyovunjikiwa chombo wakatupwa Malta. Wenyeji wa kisiwa wakawawashia moto, kwa kuwa mvua ilinyesha na baridi ilikuwapo. Hawakuwajua wageni wale, lakini kuni zilikuwapo. Nasi tutafute kuni zetu sasa, jua lingali linawaka. Daftari litawekwa mezani mlangoni baada ya ibada. Mwenye mtumbwi aandike mtumbwi, mwenye senti aandike senti, na mwenye mikono tu aandike jina lake.