Kinga ya Wakurugenzi Isigeuzwe Kichaka

Biashara ni kazi ya kukisia. Mwenye duka hununua mzigo leo bila kujua bei ya kesho, na mkurugenzi wa shirika kubwa naye huagiza mitambo ya miaka ishirini bila kujua soko litakavyokuwa baada ya miaka miwili. Kwa hiyo hasara peke yake haiwezi kuwa ushahidi wa uovu. Lau kila hasara ingemfikisha mkurugenzi mahakamani alipe kwa mali yake mwenyewe, watu waangalifu wangeikimbia kazi hiyo, na wale ambao wangebaki wangeogopa kuamua jambo lolote.

Hiyo ndiyo sababu nchi nyingi zimewawekea viongozi wa kampuni kinga ya kisheria. Wenzetu wa Afrika Kusini wameiandika waziwazi katika Sheria ya Makampuni ya mwaka 2008, iliyoanza kutumika Mei, 2011. Kifungu cha 76 cha sheria hiyo kinamlinda mkurugenzi, pamoja na maofisa wakuu wa utendaji, iwapo ametimiza masharti matatu. Kwanza, awe amechukua hatua za kutosha kulielewa jambo kabla ya kuliamua. Pili, asiwe na maslahi yake binafsi ya fedha katika jambo hilo, au kama anayo awe ameyatangaza kama sheria inavyotaka. Tatu, awe ameamini, kwa sababu zenye mantiki, kwamba uamuzi wake ni kwa manufaa ya kampuni.

Wasikilizaji watatambua kwamba sheria haimuulizi mkurugenzi kama alipata faida. Inamuuliza aliamua kwa njia gani.

Sharti lile la kwanza lina historia yake. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya jimbo la Delaware, huko Marekani, iliamua shauri la kampuni ya Trans Union. Wakurugenzi wake walikuwa wamekubali kuiuza kampuni kwa dola 55 kwa kila hisa, baada ya kikao cha saa mbili hivi, bila kuzisoma hati za mauzo. Bei hiyo ilikuwa juu ya ile ya soko, wala hakuna aliyethibitisha kwamba walihongwa. Hata hivyo mahakama ilisema walikuwa na uzembe mkubwa, kwa kuwa waliamua bila kujua thamani ya kitu walichokiuza. Wakurugenzi kote Marekani waliingiwa na hofu. Mwaka uliofuata jimbo hilo likabadili sheria yake, likaziruhusu kampuni kuwasamehe wakurugenzi fidia inayotokana na uzembe. Na mwaka 2022 msamaha huo, kwa mipaka maalum, ukafikishwa kwa maofisa wakuu pia. Lakini hata Delaware haikumsamehe mtu aliyetenda kwa nia mbaya au aliyeisaliti kampuni yake.

Na hapo ndipo ulipo mpaka wenyewe. Mei 27, 2020, Mahakama Kuu mjini Pretoria ilimpiga marufuku maisha Bi Dudu Myeni, aliyekuwa mwenyekiti wa Shirika la Ndege la Afrika Kusini, asiwe tena mkurugenzi wa kampuni yoyote. Miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa ni jinsi alivyozuia makubaliano na shirika la ndege la Emirates mwaka 2015, na jinsi alivyoingilia mkataba wa ndege na kampuni ya Airbus. Mahakama haikumwadhibu kwa kukisia vibaya. Ilimwona kuwa hakuwa mwaminifu, na kwamba alitenda bila kujali na kwa uzembe mkubwa.

Si haki kusema kwamba mtu mmoja ndiye aliyeliangusha shirika lile, maana matatizo yake yalikuwa mengi. Lakini Desemba, 2019, liliwekwa chini ya wasimamizi wa kuliokoa, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi, hali walipa kodi wakibebeshwa madeni yake. Wahenga walisema: mchuma janga hula na wa kwao. Katika shirika la umma, hao wa kwao ni wananchi wote.

Basi wale wanaodai kwamba kinga hii ifutwe wanakosea, kwani watawafunga mikono viongozi hodari. Nao wale wanaoitaka isiyo na masharti wanakosea zaidi. Mkurugenzi mwaminifu ana silaha rahisi: asome makabrasha kabla ya kikao, aulize wataalamu, atangaze maslahi yake, na sababu za uamuzi ziandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyefanya hayo, hata akipata hasara, anastahili kulindwa. Na aliyeyakwepa asitafute kichaka cha kujificha ndani ya sheria.