Somo: Shirika Linapotumwa Katika Nchi Nyingine



Wapenzi wasikilizaji, leo tuseme juu ya shirika linalojitayarisha kwenda nchi nyingine kwa kazi ya Injili. Kwetu sisi tukaao Kasapa, nchi ya kigeni iliyo karibu ni Zambia. Barabara hutoka Lubumbashi, hufika mpakani Kasumbalesa baada ya kilometa 90 hivi, kisha huendelea Chililabombwe, Chingola, Kitwe na Ndola. Safari si ndefu, lakini matayarisho yake si madogo.

Kwanza, ni nani atumaye? Twasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 13, kwamba Wakristu wa Antiokia walifunga, wakasali, wakawawekea Barnaba na Saulo mikono, ndipo wakawaacha waende. Basi mwendaji apate ruhusa ya paroko wake, na barua ya kumpa padri wa kule. Aungame, apokee Ekaristia. Mwenye mgonjwa nyumbani amtafutie kwanza mtu wa kumtunza. Mtu asiukimbie wajibu wa nyumba yake akisema anamfuata Mungu.

Pili, karatasi. Kila mtu awe na pasipoti yake na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Apitaye njia za porini ili kuwakwepa walinzi wa mpaka ameuanza utume kwa uongo.

Tatu, mzigo. Mnajua vema kwamba unga wa mahindi tulao mara nyingi hutoka Zambia, na bei ikipanda kila mama huhangaika. Kwa hiyo kishawishi ni kikubwa. Kufanya biashara si dhambi. Lakini kujificha nyuma ya jina la Kanisa ili kuvusha mali bila ushuru ni wizi, tena ni uongo. Nao watu wa kule watasema: hawa walikuja kwa ajili ya unga, si kwa ajili yetu. Je, baba mwenye watoto wenye njaa atafanya nini? Shirika zima lichange, lilime shamba lake, liwalishe watoto wake mpaka arudi. Tusimhukumu mtu kwa kishawishi tulichomwachia abebe peke yake.

Nne, unyenyekevu. Bwana aliwaagiza wanafunzi wale chakula wanachopewa. Jifunzeni kusali Baba Yetu kwa Kibemba, lugha ya wengi kule. Msiseme: kwetu twafanya vizuri zaidi.

Watazameni Daudi Okelo na Jildo Irwa, makatekista vijana wa Uganda ya kaskazini. Walikubali kwenda kufundisha Paimol, ingawa padri aliwaeleza hatari zake. Waliuawa huko mwaka 1918, na Kanisa likawatangaza wenye heri tarehe 20 Oktoba 2002. Hao hawakutafuta faida ila roho za watu.

MASWALI

Ni nani humtuma mwendaji?
Mungu humtuma kwa njia ya Kanisa lake.

Je, yafaa kuvusha bidhaa kwa siri katika safari ya utume?
Haifai, kwa maana ni wizi na uongo, tena huwakwaza wale tunaowaendea.

Wanaobaki wana kazi gani?
Kuwaombea waendao na kuzitunza nyumba zao.

KUSUDI LA JUMA HILI: Kabla hatujauliza nani ataenda, tuulize nani atawalisha watoto wake.

Mungu awabariki.