THAMANI YETU HAIPIMWI KWA HISA

(Mada iliyosomwa na wanakamati siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi, Mzinga, Morogoro)

  

Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii. Miaka kumi si mchezo. Tulipoanza walikuwepo waliosema ati wanawake hawawezi kukaa na pesa mwezi mmoja bila kugombana. Leo sanduku lipo, kufuli tatu zipo, na funguo zake bado ziko kwa watu watatu mbalimbali. Taarifa ya fedha mtaisoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi tumepewa kazi ya kusema juu ya jambo ambalo halimo katika daftari la mweka hazina, nalo ni hili: mwanamke Mkristo ni nani, na thamani yake inatoka wapi?

Tuanze na jina. Wengi wetu mtaani tunaitwa Mama Fulani, au mke wa fulani, au yule mama wa ndizi. Kuitwa kwa jina la mtoto ni heshima, na hatuikatai. Lakini yule ambaye hakujaliwa mtoto ataitwa nani? Na yule aliyeachwa, je? Katika kikundi kila mmoja aliandikwa kwa jina lake la ubatizo na la kwao, na siku za mwanzo wako waliochelewa kuitika kwa kuwa walikuwa hawajaitwa hivyo miaka mingi. Kumbe jina hilo tulipewa zamani. Mtoto anapoletwa kubatizwa, padre au mchungaji anauliza jina lake, haulizi ataolewa na nani. Mtoto yule hajazaa, hajalima, hana hata hisa moja, na tayari anaitwa mwana wa Mungu. Huo ndio msingi wetu, ndugu zetu. Thamani hiyo ilitangulia kazi zetu zote, kwa hiyo hakuna kushindwa kokote kunakoweza kuiondoa.

Pili, tuseme juu ya kwetu. Sisi wa milima ya Uluguru tuna urithi ambao makabila mengi hayana. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mashamba ya ukoo yamefuata njia ya mama toka enzi za mababu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Morogoro mwaka 1882 walimkuta mwanamke Mluguru anajua shamba la bibi yake lilipo. Kwa hiyo asiwepo wa kutuambia kwamba heshima ya mwanamke ni mambo ya wageni. Lakini tuseme kweli yote: mara nyingi ukoo ulipitia kwa mama, na neno la mwisho likakaa kwa mjomba. Tena mjini na pembezoni mwa mji kama hapa kwetu, viwanja vinanunuliwa kwa pesa, na karatasi inaandikwa jina la baba peke yake. Njia ya mama inapotea kimyakimya.

Hapa Neno la Mungu linatusaidia. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, mna habari za mabinti watano wa Selofehadi: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume. Hawakunung'unika kisimani. Walikwenda wakasimama mbele ya Musa na wakuu wote wakadai fungu la baba yao, na Mungu akamwambia Musa kuwa mabinti hao wamesema haki. Tazameni kwamba majina yao matano yameandikwa yote. Na sheria ya nchi yetu leo inasema vivyo hivyo. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume.

Tatu ni kazi zetu. Hivi, mama anayeamka saa kumi usiku, akateka maji, akapika, akashuka na tenga la mboga mpaka sokoni, jioni anaulizwa, "Umeshinda unafanya nini?" Wengi wetu tulijifunza kujibu, "Sifanyi kazi, niko nyumbani tu." Jibu hilo si kweli. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, iliamua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa. Yeye mwenyewe hakupata alichodai, kwa sababu mahakama iliona fungu lake alikwisha kulipokea, lakini msingi ule umewafaa maelfu waliomfuata. Na Biblia ilikwisha kuliona jambo hili zamani. Mwanamke mwema wa Mithali 31 anakagua shamba, ananunua, anapanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake. Mara nyingi tunahubiriwa alivyoamka mapema. Hilo shamba alilonunua hupitwa haraka haraka.

Tusije tukaeleweka vibaya, akina baba. Hatukuja kufundisha wake zenu ukaidi. Unyenyekevu ni tunda la Roho, na unamhusu mume kama unavyomhusu mke. Lakini kunyenyekea ni kitu kimoja na kujidharau ni kitu kingine. Yule mama wa Luka 13 alikuwa amepindika mgongo miaka 18. Yesu hakumsifu kwa kuinama. Alimwita mbele ya watu, akamnyosha, na alipolaumiwa akamtetea kuwa ni binti wa Ibrahimu. Sisi tunaobeba kuni na ndizi tunajua mgongo kupindika maana yake nini. Iko migongo mingine imepinda kwa maneno tu: "wewe huna akili," "wewe si kitu." Huyo naye Bwana anataka asimame.

Sasa tumefika penye neno gumu, na tunaomba mtusikilize. Mfumo huu wetu wa sanduku na hisa ulianza Niger mwaka 1991, ukaenea Afrika nzima mpaka ukatufikia. Ni mfumo mzuri. Lakini una hatari yake. Kila kikao mwanachama ananunua hisa moja mpaka tano, na mihuri inaonekana kitabuni. Polepole mtu anaanza kujiona ni mihuri yake. Mzunguko uliopita mwenzetu mmoja hakuonekana vikao vitatu mfululizo. Tulipomfuata tulimkuta mzima, anachambua maharage. Alikuwa na deni, na wiki zile hakuwa na pesa hata ya hisa moja. Akatuambia, "Jamani, nitakaaje benchi moja na wenye mihuri mitano?"

Ndugu zetu, kama mwanamke amejinasua asipimwe kwa mume na watoto, halafu akaja kupimwa kwa hisa, amepata faida gani? Amebadilisha mzani tu.

Bwana Yesu alitoa mfano wa mama mwenye shilingi kumi aliyepotewa na moja. Aliwasha taa, akafagia nyumba, akatafuta mpaka akaiona, akaita majirani wafurahi naye. Sisi watu wa sanduku tunauelewa mfano huu kuliko wengine. Ile shilingi iliyolala uvunguni, imejaa vumbi, thamani yake ilipungua? Haikupungua hata senti. Ilikuwa sawasawa na zile tisa zilizokuwa mkononi. Sarafu ina thamani kwa sababu ya alama aliyoitia mwenye kuitoa. Na sisi, kitabu cha Mwanzo kinasema, mume na mke, tumeumbwa kwa mfano wake Mungu. Alama hiyo haifutwi na deni, wala na ujane, wala na kutozaa.

Yule mwenzetu alirudi. Hakurudi kwa sababu alipata pesa; alirudi kwa sababu alifuatwa. Leo yuko nasi hapa, na deni amekwisha kulimaliza.

Kwa hiyo basi, tunapoingia mwaka wa kumi na moja, kamati inaleta maombi matatu. La kwanza, asiye na hisa wiki hiyo aje kikaoni, aitwe jina lake, akae na sauti yake kama wengine. Na anayekosa vikao viwili afuatwe nyumbani na wenzake wawili kabla ya cha tatu. La pili, kila mwanachama kabla ya mgao ujao aulize, kwa upole na pamoja na mwenzi wake, karatasi ya kiwanja au shamba la familia ina majina ya nani. La tatu, tuwafundishe mabinti zetu, na wavulana wetu vilevile, kwamba msichana ni mtu kamili kabla hajaposwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Tumeweka fedha miaka kumi. Tuendelee kuwekeana na heshima.