Kutu ya Mtutu: Kuhifadhi Chuma cha Bunduki katika Nchi ya Kajiado



Masika fulani yalipokwisha, mfugaji mmoja wa hapa Kitengela aliniletea bunduki yake ya marisau, aliyokuwa ameilaza miezi mitatu ndani ya ala ya ngozi iliyoshonwa kwa mkono, akiamini kwamba ameisitiri; nami nilipoichomoa nikaona mstari wa kutu umekaa juu ya mtutu sawasawa na mshono wa ile ala, tundu kwa tundu. Ile buluu ya kiwandani haikuwa na dosari. Ngozi ndiyo iliyokunywa unyevu wa hewa ikaushika, na chumvi iliyosalia humo tangu ilipotengenezwa ikakamilisha kazi.

Yatupasa kufahamu kwamba hiyo tuiitayo buluu si rangi ya kupakwa, bali ni kutu ya namna nyingine, kutu nyeusi itokanayo na kuchemshwa chuma katika soda kali na chumvi za nitreti, nayo ni nyembamba mno, kiasi cha sehemu moja au mbili za elfu ya milimita. Kwa hiyo uzuri wake ni wa macho, na kinga yake hasa ni mafuta yaliyo juu yake. Fosfeti, ile ya kijivu isiyong'aa iliyoenea majeshini katika Vita Vikuu vya Pili, ina vinyweleo vinavyonywa mafuta kama mtungi unywavyo maji, na kwa sababu hiyo mtu afuataye ng'ombe mvuani siku nzima namshauri aichague hiyo, ijapokuwa haipendezi. Hata chuma kisichoshika kutu, kwa jasho la kiganja lisilofutwa, hushika.

Amma Magadi, penye ziwa la magadi, hali yake ni ya peke yake. Vumbi la ziwa lile halina magadi matupu, bali lina na chumvi ya kawaida, ambayo huvuta unyevu na kula chuma. Tena magadi yakikutana na samli au mafuta ya kupikia huyageuza sabuni, na hapo kinga imeondoka. Tumieni mafuta ya madini, na kabla ya kuyapaka, vumbi lifutwe kwanza kwa kitambaa kibichi, kisha chuma kikaushwe barabara.

Jambo hili la chumvi wazee waliotumikia jeshi la kikoloni la King's African Rifles walilijua vyema, kwani fataki za risasi zao za .303 ziliacha chumvi mtutuni, na mafuta hayayeyushi chumvi; basi walimimina maji ya moto kwanza, wakakausha, ndipo wakapaka mafuta. Mwenye risasi za zamani na afanye vivyo hivyo hadi leo.

Buluu ikichakaa, msiipeleke bunduki kwa fundi wa mageti, hata akiwa hodari namna gani, kwani tindikali yake huacha mashimo, na Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, ihusuyo bunduki, imewawekea kazi hiyo waliosajiliwa. Nawasihi, bunduki ilale ndani ya kasha la chuma lililofungwa, bila ala, ifutwe kila ishikwapo, na wakati wa masika ikaguliwe kila juma.