Simu Yajua Ulipo, Redio Ndiyo Inayosema

Katika milima ya Scotland yapo mabonde ambako simu ya mkononi haipati mnara hata mmoja. Hata hivyo GPS iliyomo ndani yake haihitaji mnara: hupokea ishara za setilaiti zilizo kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu, ikakokotoa mahali ilipo. Simu yajua ulipo, ila mara nyingi haina kinywa cha kusema.

Kinywa hicho hupewa na wanaredio wa ridhaa, watu wenye leseni ya kurusha mawimbi kwa mapenzi tu, bila malipo. Programu kama APRSdroid huigeuza latitudo na longitudo kuwa milio. Waya huipeleka milio hiyo kwenye redio ya mkononi, nayo huirusha kwa masafa ya megahezi 144.800, yatumikayo Ulaya. Kituo kilichopo kileleni huidaka na kuirudia, mpaka ifikie kituo chenye intaneti, na jamaa walio nyumbani huona nukta ikisogea juu ya ramani. Mfumo huo, APRS, ulibuniwa na Mmarekani Bob Bruninga, aliyefariki dunia mwaka 2022.

Lakini nukta ikisimama, je, mtembezi ameanguka? Huenda amepita tu nyuma ya jabali na milio haikudakwa, naye hana habari. Tena nukta hiyo huonekana na yeyote, mwizi akiwemo, kwani redio ya ridhaa hairuhusu kuficha ujumbe kwa lugha ya siri.