Chuo na Watu Wake Waliostaafu: Uongozi wa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi

Sheria ya utumishi wa umma inamruhusu mtumishi kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na akitimiza 60 inamlazimu. Siku hiyo ikifika, barua hutoka, hafla ya kuagana hufanyika, mstaafu hukabidhiwa mabati au godoro, hotuba husomwa na picha hupigwa. Wiki inayofuata akirudi chuoni kufuatilia nyaraka za mafao, mlinzi wa getini humpa daftari la wageni ajaze jina na sababu ya kuja. Mlinzi hana kosa, anafuata utaratibu. Ni utaratibu wenyewe ninaotaka tuutazame. Hoja yangu ni kwamba uongozi wa chuo cha wananchi haujakamilika iwapo wastaafu wake hawana nafasi ndani yake, na kwamba nafasi hiyo inapaswa kuwa kazi iliyoandikwa na kuwekewa mipaka. Viti vya mbele siku ya mahafali havitoshi.

Hoja hii ina uzito zaidi katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kuliko katika taasisi nyingine, na sababu imo katika historia yake. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi alivyoviona Sweden, vya aina iliyoanzia Rødding, Denmark, mwaka 1844 kutokana na fikra za N. F. S. Grundtvig. Huku kwetu vilikuta kampeni kubwa ya kisomo cha watu wazima ikiendelea, na kazi yake ikawa kumpokea mtu mzima aliyekwisha kujua kusoma na kuandika ili aende mbele: useremala, uashi, ushonaji, kilimo, hesabu za duka la kijiji, uraia. Leo viko 54, na mkoa wa Ruvuma una vitatu: Mbinga, Muhukuru na Nandembo. Katika maisha yake vyuo hivi vimehamishwa wizara zaidi ya mara moja. Vilizaliwa chini ya wizara ya elimu, mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikapelekwa maendeleo ya jamii, na katika awamu ya tano vikarudishwa elimu. Kila uhamisho ulikuja na mitaala yake, fomu zake na lugha yake ya taarifa. Wakuu wa vyuo nao huhamishwa, kama ilivyo kawaida ya utumishi. Wizara imebadilika na mkuu amebadilika, lakini fundi wa karakana, mpishi na mkufunzi wa kilimo mara nyingi walibaki palepale miaka ishirini au zaidi. Katika chuo cha namna hii kumbukumbu haikukaa makao makuu. Ilikaa kwa watu hao, na wao ndio tunaowaaga kwa mabati.

Tazameni hati ya makabidhiano ya ofisi. Itaorodhesha funguo, magari, vitanda, mashine za karakana na salio la benki, na ni vizuri iwe hivyo. Lakini haitasema bomba la maji linapita wapi chini ya uwanja, wala kwa nini mpaka wa shamba la chuo upande wa bondeni uliwekwa pale ulipo na ni mzee gani wa kijiji alikuwepo siku ya kuuweka. Haitasema kozi fulani ilikosa wanachuo kwa sababu ilipangwa kuanza wakati kila familia ya Mbinga iko shambani ikichuma kahawa. Mkuu mpya akikosa habari hizi, atajifunza kwa gharama: atachimba uwanja, atagombana na kijiji, atatangaza kozi na kupata wanachuo wachache. Kisha, akiwa ameanza kuelewa, naye atapata barua ya uhamisho.

Wapo watakaosema dawa ni kuandika kila kitu. Nakubaliana nao nusu. Mengi yanaandikika, na ni aibu kwamba hatuyaandiki. Lakini kuna ujuzi usiohama kwa karatasi, na hakuna mahali pa kuuona vizuri kuliko milima hii ya Wamatengo hapa Mbinga. Shamba la ngoro limechunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wa Japani, likachorwa na kupimwa. Mvua zikielekea mwisho, nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana mpaka mteremko mzima unakuwa miraba. Kisha, kazi ambayo kwa desturi imekuwa ya wanawake, udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi, likabaki shimo lenye kingo pande zote. Maharage hupandwa juu ya kingo, mahindi hufuata msimu wa baadaye. Mvua ikinyesha, shimo hushika maji na udongo visiporomoke. Haya yote yameandikwa. Hata hivyo, kijana aliyesoma maelezo hayo tu, akipelekwa kwenye mteremko mkali, hatajua alaze mistari kwa mwelekeo gani wala achimbe kina gani kwa udongo ule. Atajua akisimama pembeni ya anayejua, akakosea, akasahihishwa. Karakana ya useremala na jiko la kulisha wanachuo vina ujuzi wa aina hiyohiyo.

Mkoa huu una ushahidi mwingine, mzito zaidi. Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichoundwa mwaka 1963 na kuongozwa na Ntimbanjayo Millinga, kilikusanya vijiji vilivyolima na kuamua mambo kwa pamoja, na pale Litowa kikaanzisha shule ambayo wanakijiji waliiendesha wenyewe. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, Litowa ilikuwa tayari ikifanya sehemu kubwa ya yale yaliyoandikwa humo. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama, mali zake zikachukuliwa, na walimu wa Litowa wakahamishiwa sehemu mbalimbali za nchi. Majengo hayakubomolewa, lakini shule ile kama ilivyokuwa ilikwisha, kwa kuwa waliojua namna ya kuiendesha waliondolewa wote kwa mkupuo. Kijiji cha Matetereka, kilichokuwa katika chama hichohicho, kiliendelea na kazi za pamoja kwa miaka mingi baadaye, kwani viongozi wake walibaki kijijini na waliwalea waliofuata. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Siasa na ardhi vilikuwa na nafasi yake. Lakini tofauti kati ya pale watu walipotawanywa na pale walipobaki ni kubwa mno kuipuuza.

Sasa nijibu pingamizi, na nianze na lililo zito. Inasemekana mzee akiendelea kuwa karibu, kijana hataongoza. Mkuu mpya akitaka kufungua kozi ya umeme wa jua au ya kompyuta, wastaafu watasema haikufanywa hivyo zamani, na watumishi wenye soni watawasikiliza wao badala ya mkuu wao. Hofu hii ina msingi, na historia ya nchi inaithibitisha. Mwaka 1993 Bunge lilipopitisha azimio la kutaka serikali ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere hakuwa tena rais wala mwenyekiti wa chama tawala, lakini alipinga, na azimio likafa. Sauti ya mstaafu inaweza kuwa na nguvu kuliko saini ya aliye madarakani. Ila tuangalie namna alivyopinga: alipinga waziwazi, akatoa sababu, na akaandika kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, ambacho yeyote aliweza kukisoma na kukijibu. Kinachoharibu chuo ni minong'ono ya sebuleni kwa mstaafu, mahali ambapo mkuu hayupo wala kumbukumbu haiandikwi. Ndiyo maana nasema nafasi yao iandikwe. Mstaafu asiye na nafasi rasmi hanyamazi; huongea pale asipoweza kujibiwa.

Pingamizi la ajira nalipokea pia. Vijana wengi wenye vyeti vya ualimu na ufundi wako nyumbani, na ni dhuluma mtu aliyekwisha kupata mafao ashike nafasi ya mwenzake. Basi asishike. Darasa liwe la mkufunzi kijana, mstaafu akae naye msimu mmoja au miwili kwa mkataba wa kazi maalumu, kisha aondoke. Kuhusu fedha, mijadala ya kikokotoo cha mafao ya mkupuo, ya asilimia 33 mwaka 2022 na asilimia 40 miaka miwili baadaye, imetufanya tufikiri kustaafu ni suala la mafao tu. Mafao ni haki, na madai hayo ni halali. Lakini ninachopendekeza hapa gharama yake ni nauli, chakula na posho ya siku chache, na barabara ya lami ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay imemleta mstaafu wa kando ya Ziwa Nyasa karibu kuliko wakati wowote.

Nafasi hiyo ina mfano hapahapa: Wamatengo walikuwa na sengu, kikao ambapo watu wa ukoo walikula pamoja na kuzungumza mambo yao, vijana wakisikia wakubwa wakifikia uamuzi. Watafiti wa Sokoine na washirika wao wa Japani walipofanya kazi katika kijiji cha Kindimba, hawakuona haja ya kubuni baraza geni. Walijenga juu ya sengu. Chuo nacho kiwe na baraza la wastaafu linalokutana mara mbili kwa mwaka, likiwa na mjumbe mmoja katika bodi anayesema na kuandika maoni, bila kura wala saini ya fedha. Na baraza hilo liwe la wastaafu wa kada zote. Katika mpango wa vyuo hivi wa Elimu Haina Mwisho, uliorudisha masomoni wasichana waliokatishwa na ujauzito hata kabla ya waraka wa serikali wa mwaka 2021 kuwafungulia shule za kawaida, chuo kilihitaji mama wa kumtunza mtoto wakati mzazi wake yuko darasani, sawasawa na kilivyomhitaji mkufunzi. Baraza la wakufunzi peke yao litapoteza nusu ya tunachokitafuta.

Kazi ya kwanza ni ndogo na haihitaji kibali cha Dodoma. Mkuu wa chuo na mtunza masijala waorodheshe kila mtumishi atakayetimiza 60 ndani ya miaka miwili, na mbele ya jina lake waandike jambo analolijua yeye peke yake na kijana atakayekaa naye kulijifunza. Bajeti ya mwaka mpya inaanza Julai. Orodha hiyo iwe mezani kwa bodi kabla ya bajeti kupitishwa.