Pikipiki Hii ni ya Nani? Bodaboda, Magendo na Wajibu wa Sharika Zetu

Mada iliyotolewa mjini Moshi mbele ya kamati za sharika



Tumeombwa tuzungumzie uhalifu wa kupangwa unaotumia pikipiki. Kwa rafiki zetu wa Ulaya, maneno hayo yanakumbusha Hells Angels, chama kilichoanzia California mwaka 1948. Chama hicho na wapinzani wake, Bandidos, walipigana katika nchi za Skandinavia kati ya mwaka 1994 na 1997, wakatumia hata makombora yaliyoibwa kwenye maghala ya jeshi, na watu takribani kumi wakauawa. Vyama vya namna hiyo vina katiba, nembo ya mgongoni na ngazi za uongozi, na polisi wa nchi nyingi wanavihusisha na dawa za kulevya na kutoza watu fedha kwa vitisho.

Huku kwetu mlimani hatuna vyama vya aina hiyo. Tunao vijana wa bodaboda, ambao wengi wetu tuliwajua kwanza kwa jina la "toyo". Kazi yao ilianza kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo mpakani mwa Kenya na Uganda, kule Busia na Malaba. Hapa Tanzania, kanuni za mwaka 2010 ziliwaruhusu kubeba abiria kwa leseni. Tangu hapo mama mjamzito wa Kibosho au Mwika hushuka hospitalini usiku kwa pikipiki, na ndizi za Marangu hufika sokoni kwa pikipiki. Kumwita kila dereva mhuni ni kumwonea.

Hata hivyo, wahalifu nao wameona faida ya chombo hiki. Kinapita pasipopita gari na kinapotea haraka. Tarehe 7 Agosti 2013, mfanyabiashara wa tanzanite, Erasto Msuya, aliuawa kwa risasi eneo la Mijohoroni, wilayani Hai, na pikipiki zilitumika katika mauaji hayo. Julai 2018 Mahakama Kuu mjini Moshi iliwahukumu washtakiwa watano kunyongwa. Hayo hayakuwa mambo ya kijiwe cha bodaboda, bali yalitufundisha jinsi chombo cha riziki kinavyoweza kugeuzwa.

Linalotugusa zaidi kila siku ni mpaka. Mirungi nchini Kenya ni zao halali. Kwetu ni dawa ya kulevya. Mzigo halali upande mmoja na haramu upande wa pili lazima umpe faida anayeuvusha. Ndiyo maana njia za panya za Rombo na za kuzunguka Holili hazilali. Wakati mwingine hupita sukari, wakati mwingine mirungi, na wakati mwingine wahamiaji kutoka Ethiopia wanaosafirishwa kuelekea kusini. Mwenye mzigo hakai juu ya pikipiki. Anayekamatwa ni kijana aliyeahidiwa ujira wa usiku mmoja.

Kwa nini kijana anakubali? Tuangalie hesabu. Madereva wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Tuchukulie anatakiwa kumpelekea tajiri shilingi 8,000 kwa siku, siku sita za wiki. Hizo ni 48,000 kwa wiki, yaani karibu milioni mbili na nusu kwa mwaka, kabla ya mafuta, matengenezo na chakula chake. Mvua za masika zikinyesha, abiria wanapungua lakini hesabu haipungui. Akikosa siku tatu, ananyang'anywa pikipiki, na kama alikuwa kwenye mkataba, miezi yote aliyolipa inaweza kupotea. Hapo ndipo mtu wa mzigo wa usiku anapomkuta.

Na huyo tajiri ni nani? Mara nyingi si mtu wa mbali. Ni mwalimu, ni mfanyabiashara wa Himo, ni mstaafu aliyewekeza kiinua mgongo chake, ni mwimbaji wa kwaya. Tunaketi nao benchi moja. Mwenye pikipiki anayedai fedha yake kila jioni bila kuuliza imepatikanaje, anashiriki katika safari hiyo ya usiku hata kama amelala.

Jirani zetu wametuonyesha hatari nyingine. Nchini Uganda, kundi la Boda Boda 2010 lililalamikiwa kwa kuwatoza madereva kwa nguvu na kuwapiga waliokataa, huku likiwa na urafiki na wakubwa wa polisi. Januari 2018 kiongozi wake alikamatwa na jeshi. Nairobi, Machi 2022, madereva walimzingira na kumdhalilisha mwanamke ndani ya gari lake, na serikali ikaagiza msako na usajili mpya. Umoja wa kijiwe ni kitu kizuri, lakini umoja usio na katiba, hesabu wala uongozi unaowajibika huokotwa na yeyote mwenye fedha au nguvu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila kamati iorodheshe vijiwe vilivyo katika eneo lake na kuzungumza na viongozi wao, pamoja na serikali ya kijiji. Pili, washarika wenye pikipiki waandikiane mikataba na madereva wao, yenye nafuu ya siku za ugonjwa na mvua, na inayotamka kwamba miezi iliyolipwa haipotei. Tatu, vikundi vya kuweka na kukopa vipokee madereva, ili kijana anunue pikipiki yake mwenyewe. Nne, wafadhili watusaidie katika mafunzo ya leseni na mitaji ya vikundi, badala ya kugawa pikipiki za bure ambazo hatujui zitaishia mikononi mwa nani.

Polisi wana kazi yao mpakani. Yetu ni nyepesi zaidi na inaweza kuanza Jumapili hii: kumwuliza kila mwenye pikipiki kati yetu kijana wake analipwaje, na jana usiku alikuwa wapi.